Huruma ya Mwenye Ndoana

Babu yangu, ambaye nyumbani sote humwita Guka, aliniuliza swali jioni moja na mpaka leo sijampa jibu linalomtosha. Nilikuwa nimetoka mtoni, viatu chapachapa, mfukoni nina ujira wa siku tatu. Akataka kujua kazi yenyewe ni ipi hasa, maana alikuwa amesikia tu kwamba natembea na wageni. Nikamweleza. Wageni wanakuja na fito zao za kuvulia, sisi tunawapeleka mtoni, tunawaonyesha samaki alipo, wanamvua, wanapigwa naye picha, halafu wanamrudisha majini.

"Wanamrudisha?"

"Ndiyo, Guka. Akiwa hai."

"Hawamli?"

"Hawamli."

Akanyamaza akichokora moto. Kisha akasema, "Kwa hiyo mnamwita mtu aje kula. Akija mnamtoboa mdomo, mnamburura mpaka mlangoni, mnamtazama sura, halafu mnamwambia nenda salama. Na huyo aliyefanya hivyo ndiye anayejiita mpole?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Msomaji, huenda ukaona hili ni jambo dogo. Vijana hatuna kazi, karo zinapanda, na huyu anakaa kufikiria mdomo wa samaki! Hata mimi nilijiambia hivyo. Lakini swali la Guka lilinikaa kama mwiba wa samaki kooni. Mwiba huo haukuui, ila haukuachi umeze kitu kingine kwa raha.

Nieleze kwanza nilivyofika huko. Nilimaliza kidato cha nne kwa alama ambazo hazikufungua mlango wa chuo chochote. Nikachuma majani chai, nikaita abiria stendi, na usiku nikawa naandika riwaya kwenye madaftari. Sasa niko daftari la tatu na shujaa wangu bado hajatoka nyumbani kwao. Ndipo mtu mmoja wa kwetu, ambaye kwa miaka mingi ameongoza wageni kwenye mto Thiba, akanichukua niwe msaidizi wake. Nitamwita Mwalimu kwa sababu alinifundisha. Kijijini, watu wakilitohoa neno la Kiingereza, humwita gaidi, na kwa kuwa gaidi kwa Kiswahili ni mnyang'anyi, utani huo hauishi. "Gaidi amepita na mzungu wake, leo nani ameibiwa?" Mwalimu hucheka tu.

Thiba hushuka upande wa kusini wa Mlima Kenya, kama ndugu zake Nyamindi na Rupingazi. Huku chini mto unakuwa wa udongo, unagawanywa kwenye mifereji ya mpunga wa Mwea, na hatimaye unaingia Tana. Lakini juu, ukishapita mashamba ya chai na kuingia msituni, maji ni baridi ya kuuma mifupa, na ni meupe hata unahesabu mawe. Samaki wetu anakaa huko. Trauti ni kiumbe wa baridi. Maji yakipanda kupita nyuzi 20 hivi anaanza kutaabika, maana maji ya moto hayashiki hewa nyingi kama ya baridi. Hukaa nyuma ya jiwe, mahali mkondo unapopungua nguvu, kichwa kikielekea mto unakotoka, akingoja wadudu waletwe na maji. Mwalimu husema ni mvivu mwenye akili, kama mwenye duka, anakaa pale pale wateja wamfuate.

Naye huvuliwa kwa uongo. Nzi wa kuvulia si nzi. Ni unyoya na uzi uliofungwa kwenye ndoana ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Kwa kuwa hana uzito, hawezi kurushwa kama jiwe. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, mzito, mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama mchungaji anayechezesha kiboko, na nzi hufuata nyuma yake na kutua juu ya maji kama aliyechoka kuruka. Mgeni akikosea, nzi hunasa mtini, na mimi ndiye wa kupanda. Mwalimu hupindua mawe ya mtoni kuona ni wadudu gani wanaoishi hapo siku hiyo, kisha huchagua nzi anayefanana nao. Hufunga vifundo. Humwambia mgeni asimame wapi, apige goti lini, kivuli chake kisianguke wapi. Wakivuka humshika mkanda. Na muda wote sikio lake moja liko msituni, kwa maana kuna ndovu na nyati, na hao hawarudishwi na mtu.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba samaki mwenyewe ni mgeni. Trauti wa kwanza waliletwa mwaka 1905 na Ewart Grogan kutoka Loch Leven, Scotland, wakatiwa mto Gura huko Nyandarua. Baadaye wakaja wale wa rangi ya upinde wa mvua, ambao asili yao ni mito inayomwaga Pasifiki. Wakahamishwa mto hadi mto, na huko Kiganjo serikali ikajenga mabwawa ya kuwazalisha. Mama yake nyanya yangu alipozaliwa, samaki huyu hakuwemo katika mito yetu. Lakini leo wageni wakimwona husema, tazama uzuri wa asili wa Afrika! Tunanyamaza. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nasi tumempa jembe kweli: ametulimia.

Tena watu wetu wa zamani hawakula samaki. Walimweka kundi moja na nyoka. Mtu wa kwetu alipita kando ya mto uliojaa nyama bila mate kumtoka. Hata hivyo sheria ilimkataza kugusa, kwa kuwa samaki wa leseni ni wa mwenye leseni. Na katika miaka ya Hali ya Hatari, baada ya 1952, msitu wenyewe ukafungwa. Wanawake wakachimbishwa handaki refu ukingoni mwake ili wapiganaji wasipelekewe chakula. Mama yake Guka alikuwa miongoni mwa wachimbaji hao. Guka alipokuwa kijana alibeba kikapu cha mzungu mmoja mvuvi. Mzungu huyo aliwaua wote aliowavua, akawapanga kwenye nyasi, akawahesabu, akaandika kwenye kijitabu, akaenda kuwala. "Alikuwa mkali," Guka husema, "lakini nilimwelewa. Alitaka samaki."

Sasa basi. Kwa nini wa leo hawali? Mwalimu ana jibu, na si jibu la kudharau. Mito hii ni midogo. Kila anayevua akiondoka na mzigo, msimu mmoja tu inatosha kuimaliza. "Guka wako hajui hesabu," aliniambia. "Samaki aliyeliwa amelipa mara moja. Aliyerudi analipa mwaka mzima." Mabinti wawili wa Mwalimu wanasomeshwa na samaki hao hao, wanaotolewa na kurudishwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyewe nimekula unga wa samaki ambaye hakuliwa, kwa hiyo sina mdomo wa kuitukana hesabu hiyo.

Lakini ukiitazama vizuri, hesabu ya Mwalimu inaeleza kwa nini samaki arudishwe. Haielezi kwa nini atolewe. Guka amesimama kwenye mlango wa kwanza, Mwalimu anamjibu akiwa mlango wa pili.

Nikaanza kusoma kwenye simu, usiku, betri ikilia. Nikakuta kwamba mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake huko Scotland walichapisha utafiti wao juu ya trauti hawa wa upinde wa mvua. Walipata mishipa ya kuhisi maumivu kichwani mwao. Wengine walidungwa sumu ya nyuki au tindikali mdomoni. Samaki hao wakawa wanayumba upande huu na huu, wengine wakasugua midomo kwenye changarawe, wakakawia sana kabla ya kula tena. Wako wataalamu wanaopinga mpaka leo, wakisema mshipa kupeleka habari ni jambo moja, na kuteseka ni jingine. Nchini Uswisi hawakungoja ubishi uishe: tangu 2009 ni kosa kwenda kuvua ukiwa umekusudia kurudisha. Kule ukivua, ule. Nilipomsomea Guka habari hiyo aliuliza Uswisi ni kabila gani.

Mimi sijui samaki anahisi nini. Nimemshika, hilo tu. Ni msuli mmoja mgumu, na wote unasema hapana.

Na hapa ndipo nifike kwenye jambo ambalo nimekuwa nikilizunguka.

Ilikuwa Februari, kiangazi, maji yamepungua. Mgeni alikuwa mzee wa miaka sabini hivi. Alizaliwa humu nchini, wazazi wake wakauza shamba mwaka 1963 wakampeleka Uingereza akiwa mtoto. Baba yake alikuwa akivua Thiba, naye alitaka kusimama alipokuwa akisimama baba yake. Kiswahili chake kilikuwa cha zamani, kile cha amri, lakini yeye alikisema kwa upole, kama mtu aliyevaa koti la mtu mwingine. (Nilijiuliza kama baba yake ndiye yule aliyebebewa kikapu na Guka. Lakini hiyo ingekuwa riwaya, na katika riwaya ningeogopa kuitumia.)

Siku mbili hakupata kitu. Siku ya tatu, karibu saa kumi, nzi akazama na mshipi ukanyooka. Mzee hakutaka kuharakisha. Nani angemlaumu? Akamwachia samaki akimbie, akamvuta, akamwachia tena, na kila mzunguko ulikuwa unakula nguvu za samaki. Mwishowe Mwalimu akamkinga kwa wavu. Alikuwa trauti wa kahawia, urefu kama kutoka kiwiko changu mpaka ncha za vidole, ubavuni madoa mekundu kila moja na duara lake jeupe. Sijawahi kumwona mkubwa kama yule.

Mwalimu alikuwa amenifundisha masharti. Lowesha mikono kwanza, mkono mkavu unamwondolea ule utelezi unaomkinga na magonjwa. Usiminye tumbo. Usiguse matamvua. Na ukimtoa majini, nawe bana pumzi. Ukihitaji hewa wewe, naye anaihitaji.

Mzee akamshika, mikono inatetemeka, akaanza kulia. Mimi ndiye niliyekuwa na simu ya picha. Nikabana pumzi. Picha ya kwanza macho yake yalikuwa yamefumba. Nikavuta hewa, nikabana tena. Ya pili akataka kuvua kofia, kwa heshima ya baba. Nikavuta hewa. Ya tatu, ya nne, akasema jua liko nyuma yake, tugeuke. Nikavuta hewa mara ya tatu, na nikajua. Sikusema kitu. Ningesemaje? Mtu mzima analia, mimi ni kijana wa kupanda miti.

Mwalimu akampokea samaki. Akamshika kichwa kikielekea mkondo, akamsukumasukuma polepole maji yapite kwenye matamvua. Samaki akalala ubavu. Akamsimamisha, akalala tena. Ndipo Mwalimu akageuka, na mgongo wake mpana ukawa ukuta kati ya mgeni na mto, akafungua mikono. Nilimwona samaki akipita karibu na miguu yangu, tumbo jeupe juu, akazungushwa na mwamba, akapotea.

"Amekwenda?" mzee akauliza. Hakumuuliza Mwalimu. Aliniuliza mimi.

"Amekwenda, mzee," nikasema. "Amekwenda vizuri."

Akanipa noti ambayo kwa kuchuma chai ingenichukua zaidi ya juma kuipata.

Jioni nilirudi peke yangu kuchukua wavu tuliousahau. Nikamkuta amenasa kwenye mizizi, hatua kama mia chini. Sharti la pale ni kwamba samaki haondoki, hai au maiti. Nikamfunga kwenye koti la mvua nikaenda naye nyumbani. Kwa hiyo siku ile ile nilidanganya na nikaiba, na ajabu ni kwamba wizi haukuninyima usingizi hata dakika moja.

Guka alimtazama kwa muda mrefu. "Huyu ndiye aliyerudishwa?"

"Ndiye."

Akamwambia mama alete chumvi. Mama akakataa samaki asiingie kwenye sufuria yake, basi tukambanika juu ya makaa kwenye jani la mgomba. Guka, ambaye katika miaka yake themanini na kitu hakuwahi kuweka samaki mdomoni, akala. Alikuwa na uso wa mtu anayekunywa mwarobaini. Alipofika nusu akanisogezea. "Hana ladha," akasema. "Lakini tumemaliza kazi aliyoiacha yule."

Nampenda Guka, lakini katika hili sikubaliani naye sana. Kwa samaki yote ni mamoja. Hajui kama ameliwa au ameoza kwenye mizizi, kama amekufa kwa sababu nzuri au kwa sababu ya kofia. Aliyetulia roho kwa kula ni Guka, kama mgeni alivyotulia roho kwa kurudisha. Wote wawili wanajifuta mikono, mmoja kwa chumvi na mwingine kwa maji.

Nikaenda kwa Mwalimu. Nilikuwa na hasira, lakini nilimwamkia kwanza, ndivyo tulivyolelewa. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ungemwambia nini?" akaniuliza. "Mzee wa miaka sabini, kesho anapanda ndege. Umtie maiti moyoni aende nayo kwao? Umemwona akilia?"

"Nilimwona."

"Basi. Wewe unadhani watu hawa wanakuja kwa sababu ya samaki. Samaki wako kwao, wakubwa kuliko hawa. Kazi yetu ni mgeni aondoke moyo wake umetulia."

Nadhani hapo Mwalimu alisema ukweli wote wa kazi yetu, zaidi ya alivyokusudia. Mgeni akishalipa, kuna mtu wa kuchagua nzi, wa kufunga kifundo, wa kumshika mkanda asianguke. Na kuna mgongo wa kusimama kati yake na kile alichokifanya. Mgongo huo hauandikwi kwenye bei. Lakini ndio unaolipiwa kuliko vyote. Tunauza mikono safi.

Utaniambia, na wewe je, unayeota kuandika riwaya, si biashara yako ni uongo? Ni kweli. Lakini msomaji wa riwaya anajua anadanganywa, ndicho alichokuja kununua. Mzee wa watu aliniuliza akitaka kujua. Aliniuliza mimi kwa sababu Mwalimu alikuwa amempa mgongo, labda alishuku. Na mimi nikamjibu kama unavyomjibu mtoto. Hilo ndilo lililonichoma. Kwetu mtu akifa, mzee hafichwi. Anakalishwa, anapewa maji, wanaingia watu wawili watatu wa umri wake, lakini anaambiwa. Kumficha ni kusema amekwisha, hana kifua cha kubebea. Yule mzee alikuwa amesafiri bahari mbili kuja kusimama mahali pa baba yake aliyekufa. Kifua alikuwa nacho. Mimi ndiye niliyeamua hana, na nikamwita "mzee" katika sentensi ile ile.

Halafu kuna samaki anayefuata. Ameondoka akiamini kwamba ukimshika samaki dakika nzima, ukageuka upande wa jua, ukavua kofia, bado anakwenda vizuri. Atamshika hivyo na mwingine. Picha ipo ukutani kwake sasa, nadhani, na wageni wake wanaambiwa alirudishwa. Anayekata roho pale pichani ndiye wanayeambiwa yu hai.

Sijaacha kazi. Niseme hilo wazi, nisije nikajifanya malaika. Sina kazi nyingine, na mto naupenda. Ninalofanya ni dogo mno, hata naona haya kulitaja: pumzi yangu ikiisha mara ya kwanza nasema, "Mrudishe sasa." Mgeni mmoja alinikasirikia, hakutoa bakshishi, wala Mwalimu hakunisemesha njia nzima. Mwingine, mama wa makamo, alimwachia samaki wake kisha akaniuliza, "Ataishi?"

"Sijui, mama," nikasema. "Ameogelea kwa shida."

Akayatazama maji kwa muda. Halafu akauliza chakula cha mchana ni saa ngapi.

Mwalimu anasema nitamharibia jina. Huenda. Tumeelewana kwamba mimi nishike wavu na yeye ajibu maswali, na nikiulizwa mimi, basi ni bahati mbaya yake.

Jioni Guka naye ana desturi mpya. Kabla sijavua viatu ananiuliza, "Leo mmewarudisha wangapi?"

"Sita."

"Uliowaona kwa macho wakiogelea?"

"Watano, Guka."

Anasukuma ukuni motoni, ananisogezea kigoda.